UZI: Ekari milioni moja tunazoahidiwa, na mifereji iliyokauka kabla yake

1. Wadau, kila msimu wa siasa hapa Mlima Kenya kuna ahadi moja ambayo haikosi: maji ya mashamba. Mtu anapanda juu ya gari pale Chaka ama Naro Moru, ananyoosha kidole kuelekea mlimani, anauliza, "Maji yanatoka pale juu, mbona nyinyi mnalia njaa?" Watu wanapiga makofi. Swali lenyewe si baya. Shida ni kwamba limeulizwa kwa miaka sabini, na jibu linalotolewa huwa moja tu: skimu mpya.

2. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na nyumbani ni Kieni. Kijijini kwetu kuna tangi kubwa la mawe lililojengwa kabla sijaingia darasa la kwanza. Bomba zipo, mita zipo. Maji huja Aprili na Novemba, mvua ikinyesha na hakuna mwenye haja nayo. Sasa watu wameambiwa wachange tena, kila boma, kwa mradi mwingine. Mama alinipigia simu: "Si wewe ndiye unasoma mambo ya serikali? Tutoe ama tusitoe?" Nilibaki mdomo wazi. Uzi huu ndio jibu langu kwake, na kwenu. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa sababu kosa hili limefanywa na serikali ya mkoloni na likafanywa na zetu pia.

3. Tuanze mwanzo. Oktoba 1952 Hali ya Hatari inatangazwa. Maelfu ya wanaume wa Nyeri, Murang'a, Kiambu na Embu wanakamatwa na kufungiwa kambini. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni inatoa Mpango wa Swynnerton wa kubadilisha kilimo cha Mwafrika. Kwa hivyo serikali ina vitu viwili kwa wakati mmoja: ramani za mashamba mapya, na watu wengi sana waliofungwa bila kazi. Mmeshaona hesabu inavyoenda.

4. Ndivyo zilivyozaliwa skimu tatu: Mwea kwenye mito ya Thiba na Nyamindi, Perkerra kule Baringo, na Hola kando ya Mto Tana. Mifereji ya kwanza ilichimbwa na mahabusu, kwa jembe na sururu. Leo ukinunua pishori ya Mwea pale soko la Karatina, jua kwamba historia ya ule mchele inaanzia kambini.

5. Hola ndiyo inauma zaidi. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 88 walitolewa kambini kwenda kufanya kazi kwa lazima kwenye skimu ya maji. Wakakataa. Wakapigwa virungu na walinzi hadi 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa gari la maji. Yaani watu waliouawa kwa kukataa kuchimba mfereji, maji yenyewe ndiyo yakasingiziwa kifo chao.

6. Najua kuna mtu ameshaandika, "Hiyo ni historia, tuongee ya leo." Subiri kidogo. Sisimulii Hola ili mlie. Nataka muone skimu hizi ziliundwa kwa ajili ya nani: watu ambao serikali haikuwaamini. Meneja anaamua, mkulima anafuata. Hata mfano wa kuigwa ulikuwepo tayari, Gezira ya Sudan, iliyofunguliwa 1925, ambako mkulima alikuwa mpangaji, pamba ikalimwa kwa ratiba ya wakubwa. Mtindo wa kusimamia wafungwa na mtindo wa kusimamia wapangaji ulikuwa wa karibu sana.

7. Uhuru ukaja 1963. Bendera ikabadilika, kanuni zikabaki. Mwaka 1966 bunge likapitisha Sheria ya Unyunyiziaji na kuunda Bodi ya Kitaifa ya Unyunyiziaji. Mkulima wa Mwea hakupewa shamba. Alipewa leseni. Ekari zake nne hivi zilikuwa za serikali, yeye ni mpangaji tu.

8. Hebu soma masharti yenyewe polepole. Mpangaji atoe muda wake wote shambani. Asimruhusu mtu mwingine kumlimia bila ruhusa. Asijenge nyumba bila ruhusa. Asifuge mifugo kupita idadi iliyoandikwa. Afuate maagizo ya meneja kuhusu nini kipandwe na lini. Akikaidi, leseni inafutwa na familia inaondoka. Mtu aliyetoka kambini akitamani shamba lake mwenyewe alijikuta bado anaomba ruhusa ya kujenga jiko.

9. Mpunga wote ulikwenda kwa Bodi. Bodi ilikata pesa ya maji, mbolea, trekta na mbegu, kisha kilichobaki ndicho mkulima akalipwa. Malipo yalikuja kwa jina la mwenye leseni, na mwenye leseni mara nyingi alikuwa mwanamume. Kitabu cha utafiti kuhusu Mwea kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, kilichotoka 1973, kilionyesha kwamba wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi kwenye tope, lakini hawakuwa na nafasi ya kutosha ya kupanda chakula cha nyumbani, na kuni zilikuwa taabu. Kwa hesabu za ofisini skimu ilikuwa inafaulu. Jikoni hesabu zilikuwa tofauti.

10. Na lazima tuseme ukweli wote: Mwea ilizaa. Miaka ya 1970 wageni waliletwa kuiona kama mfano wa Afrika nzima. Hapa ndipo serikali ilijifunza somo lisilo lake. Iliamini kwamba siri ya Mwea ni Bodi na nidhamu. Lakini angalia mazingira. Maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani, hayahitaji pampu. Udongo mweusi unashika maji, mpunga unaupenda. Nairobi iko chini ya kilomita mia moja na ishirini. Mlima ulikuwa unafanya kazi kubwa, sifa zikaenda ofisini.

11. Kwa hivyo mtindo ukanakiliwa mahali ambapo hakuna mlima. Ahero ilianza 1969 kwenye uwanda wa Kano, kisha West Kano na Bunyala zikafuata. Huko maji hupandishwa kwa pampu. Pampu inakula stima, na bili ya stima haingoji mavuno. Bei ya mpunga ikishuka ama malipo yakichelewa, bili inarundikana, stima inakatwa, mche unakauka ukiwa na wiki chache tu kufika. Miaka ya mwanzo ya 2000 skimu hizi zilikuwa zimelala kabisa ama zinavuta miguu.

12. Halafu Bura. Hii kila mtu anayeahidi skimu inafaa asomeshwe kwa lazima. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Benki ya Dunia na wafadhili wengine wakakubali kugharamia skimu ya pamba Tana River. Awamu ya kwanza ilipangwa hekta 6,700 na familia kama 5,000, kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Gharama zikapaa. Zikalimwa hekta kama 2,500, na familia zikawa kama 2,000. Kwa gharama ya kila hekta, Bura ikahesabiwa miongoni mwa skimu ghali zaidi duniani.

13. Cha kushangaza ni pampu. Mpango ulikuwa maji yaje kwa mteremko siku moja, kwa mfereji mrefu kutoka juu ya mto. Kwa muda huo mfupi, wakasema, tutumie pampu za dizeli. Muda mfupi ukawa miongo. Dizeli ikikosa kufika, ama spea ikikosa, pamba inaungua juani. Familia zilizotoka sehemu zenye mvua zikakuta malaria, joto, na malipo ya pamba yanayochelewa. Walioweza kurudi walirudi. Wengine hawakuwa na kwa kurudi, maana waliondoka kwao kwa sababu hawakuwa na shamba.

14. Na Hola? Mwaka 1989 Mto Tana ulibadilisha mkondo, ukaiacha pampu ikitazama mchanga. Skimu ikafa. Mito ya uwanda tambarare huhama, wenyeji wa Tana wamepanga kilimo chao kwa kufuata tabia hiyo vizazi na vizazi. Waliojenga kituo cha pampu walipanga kana kwamba mto umeweka sahihi mkataba.

15. Turudi Mwea, maana huko ndiko wakulima walijibu. Kufikia mwaka 1998 soko la mchele lilikuwa limefunguliwa, na mkulima anaona wazi: bei anayolipwa na Bodi iko chini sana ya bei ya barabarani. Wakulima wakagoma kupeleka mpunga kwa Bodi, wakaupeleka kwa ushirika wao. Polisi wakaletwa. Mwaka 1999 vijana wawili waliuawa kwa risasi. Miaka arobaini baada ya Hola, nchi ikiwa huru, watu wakafa tena kwa sababu ya swali lile lile: nani ana sauti juu ya maji na mavuno?

16. Hapa wengi humalizia hadithi: wananchi wakashinda, Bodi ikaondoka, kila mtu akafurahi. La. Ushirika ulichukua mpunga, lakini mifereji mikubwa ni kazi nyingine kabisa. Inataka mashine za kuondoa tope, mafundi wa milango ya maji, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "leo ni zamu ya mwisho wa mfereji." Wakati huo huo wakulima walio nje ya skimu, wale wa Mwea huwaita juakali, walikuwa wameanza kulima mpunga na kuchota maji ya mifereji hiyo hiyo. Walioko mwisho wa mfereji wakabaki kutazama nyasi.

17. Kwa hivyo mwaka 2003 ikabidi watu wakae chini. Bodi ikarudi, lakini kwa masharti mapya: yenyewe ishughulikie miundombinu mikubwa, wakulima kupitia vyama vya watumiaji wa maji wagawane zamu kwenye mifereji midogo na kulipa ada ya ukarabati, na mpunga ni wa mkulima auze anakotaka. Hakuna upande uliopata kila kitu. Leo Mwea ndiyo hutoa sehemu kubwa zaidi ya mchele unaolimwa Kenya, kwa makadirio ya kawaida karibu asilimia 80. Sheria ya 1966 yenyewe ilingoja hadi 2019 kubadilishwa, na Bodi ikawa Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyiziaji.

18. Tungekuwa tumejifunza, lakini 2014 ikaja Galana-Kulalu. Ahadi: ekari milioni moja Kilifi na Tana River, unga ushuke bei. Shamba la mfano lilikuwa ekari 10,000, likapewa mkandarasi kutoka Israeli kwa mabilioni ya shilingi. Mvutano wa malipo na kazi ukaingia, na 2019 mkandarasi akaondoka kabla shamba la mfano halijakamilika. Sasa piga hesabu: ekari 10,000 ni asilimia moja ya milioni moja. Tulibishana kuhusu ile milioni miaka mitano, na asilimia moja haikuisha.

19. Niweke pia mfano ulio afadhali, nisionekane napinga kila kitu. Bwawa la Thiba, Kirinyaga. Lengo lilieleweka: kuhifadhi maji ili Mwea ilime misimu miwili, na eneo liongezeke kutoka ekari kama 25,000 hadi 35,000. Wakulima walikuwa tayari wapo, soko lipo, barabara ipo. Mkopo wa Japani ulitiwa saini 2010. Ujenzi ulianza 2017. Bwawa lilikamilika 2022. Yaani hata kazi nzuri ilichukua miaka kumi na miwili kutoka karatasi hadi maji. Mtu akikuambia atakuletea bwawa ndani ya muhula mmoja, muulize karatasi ilitiwa saini lini.

20. Sasa tuulize: kuna mahali Waafrika waliendesha mifereji bila bodi? Nenda Bonde la Kerio. Wamarakwet wamekuwa na mifereji ya kutoka ukutani mwa bonde hadi mashambani kwa karne kadhaa, na koo zinajua zamu zao na kazi zao za kukarabati. Vuka mpaka, Kilimanjaro, Wachaga wana mifongo yao. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitafiti mifereji ya Nepal pamoja na wenzake. Waligundua kwamba ile inayoendeshwa na wakulima wenyewe, hata kama kuta zake ni za mawe na matope, mara nyingi ilifikisha maji mwisho wa mfereji vizuri kuliko ile ya saruji ya serikali.

21. Sababu haina uchawi. Mfereji wa matope hubomoka kila mwaka, kwa hivyo mtu wa juu anamhitaji mtu wa chini aje asaidie kuurekebisha. Ndiyo maana anamwachia maji. Ukija ukamjengea lango la saruji lisilobomoka, wa juu hamhitaji tena jirani yake. Umeboresha ukuta, umevunja mkataba. Wahandisi wetu hupima saruji. Mkataba haumo kwenye zabuni.

22. "Kwa hivyo unasema serikali ikae kando?" Hapana. Kijiji hakiwezi kujenga Thiba. Wamarakwet hawawezi kukopa Japani. Na ile miaka kati ya 1998 na 2003 ilituonyesha kwamba ushirika peke yake haukuweza mifereji mikubwa. Ninachosema ni kwamba serikali yetu hupenda sehemu moja tu ya kazi, ile yenye utepe wa kukatwa. Kuondoa tope kwenye mfereji hakuna picha ya kuweka gazetini. Lakini skimu hufa kwa tope.

23. Na kwetu Kieni kuna jambo la ziada ambalo hakuna anayelisema jukwaani. Sisi tuko kwenye kivuli cha mvua kati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mito tunayochota, Naro Moru, Burguret, Nanyuki, yote huenda Ewaso Ng'iro. Kule chini kuna Laikipia, Isiolo, Samburu. Kiangazi kikali mto huo wakati mwingine hukauka kabla ya kufika Archer's Post. Maji yetu ya kabichi ya Februari ni maji ya ngombe wa mtu mwingine. Ndiyo maana kanuni hutaka maji ya unyunyiziaji yachukuliwe mvua ikiwa nyingi na kuhifadhiwa, na ndiyo maana kuna vyama vya watumiaji wa kila mto. Mradi usio na hifadhi ni bomba tu la kuhamisha ugomvi.

24. Basi tukutane na mwanasiasa, ama na kamati ya kijiji, tukiwa na maswali haya:

a) Kiangazi, wiki ambayo mto uko chini kabisa, maji yatatoka wapi? Kama jibu ni "mtoni," hakuna mradi.
b) Maji yanashuka yenyewe ama yanapandishwa? Kama ni pampu, bili ya mwezi wa kwanza analipa nani, na ya mwezi wa thelathini?
c) Nani ana funguo za lango, na boma la mwisho linaweza kumfanya nini akikataa kufungua?
d) Mazao ni ya nani, na yanauzwa kwa nani?
e) Kitabu cha pesa ya ukarabati kinakaa wapi, na mama wa kawaida anaweza kukiona siku gani?

25. Nilimpigia Mama jana usiku nikamsomea hayo matano. Akanyamaza, kisha akasema, "Hilo la kwanza tu litawamaliza." Nikamwambia asikatae kutoa. Tangi la zamani halikufa kwa sababu watu walichanga. Lilikufa kwa sababu walichangia bomba, na hakuna aliyeuliza kuhusu Februari. Aende kwenye mkutano, aulize mbele ya watu, jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Wakisema wataanza na bwawa dogo la kuhifadhi maji ya mvua, na zamu zianze kuhesabiwa kutoka mwisho wa bomba, atoe. Wakimwambia "hayo yatajulikana baadaye," arudi na pesa yake.

26. Mkutano ni Jumamosi. Ameniambia ataenda na jirani wawili wa upande wa chini, wale ambao maji hayajawahi kuwafikia tangu tangi lijengwe. Nitawaambia ilivyoenda. Na wewe, kama kwenu kuna mradi uliolala, andika hapa chini ni mto gani, ulijengwa kwa nini, na ulikufia wapi kati ya hayo maswali matano. Majina ya wanasiasa tuyaache. Tutaje mifereji.